MWENYE MALI YUKO UNGUJA, MTUMISHI YUKO UJIJI: AMANA YA MTU USIYEMWONA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Darsa la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka ahifadhi asome usiku baada ya isha.

Dada mmoja anayefuatilia darsa zetu aliniandikia faraghani. Anasimamia watu tisa katika ofisi ya mahesabu Dar es Salaam. Tangu wakati wa korona watano kati yao hawaji ofisini, wanafanyia kazi majumbani kwao, na mmoja wao yuko huku kwetu Tabora. Akauliza: "Shehe, inajuzu niwawekee kwenye kompyuta zao programu inayopiga picha kioo kila baada ya dakika chache, bila wao kujua? Kazi inachelewa, siwaoni, na mkurugenzi ananiuliza mimi, hawaulizi wao."

Nilimjibu kwa ufupi, na jibu lenyewe nitalieleza huko mbele. Ila swali lake limenifanya nirudi kwenye vitabu, kwa sababu mji huu ninaoswalisha ulikua kwa sababu ya swali hilo hilo. Vijana wanadhani kumwajiri mtu usiyemwona ni jambo lililoletwa na intaneti. La, jamani. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mwenye mali alikaa Unguja barazani kwake, na mtumishi wake akawa Unyanyembe, au Ujiji, au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Manyema, na kati yao hakuna simu wala posta. Burton na Speke, wale Waingereza wawili, waliingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Zaidi ya miezi minne! Misafara ya biashara iliyozoea njia ilikwenda haraka zaidi, lakini hata hiyo ilihesabu miezi. Sasa piga hesabu ya barua. Inapanda na msafara, inafika, inasubiri msafara wa kushuka, inarudi. Ukiuliza swali Unguja wakati wa kupanda mpunga, jibu linaweza kukukuta unavuna wa mwaka wa pili. Hakukuwa na alama mbili za buluu za kukuonyesha kuwa fulani amesoma ujumbe ila ananyamaza tu.

Na bado biashara ilikwenda. Mali ilipanda bara: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za kila rangi, masango ya shaba, bunduki na baruti. Pembe za ndovu zikashuka, zikapimwa kwa frasila, zikalipwa kwa riale. Matajiri wengi waliotoa mtaji walikuwa Wahindi wa Unguja, na waliopanda nao bara walikuwa Waarabu, Waswahili wa Mrima na Wanyamwezi wenyewe. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, huyu tunayemwita Tippu Tip, ambaye baba yake Muhammad bin Juma alikuwa na makazi hapa Unyanyembe na akamwoa Karunde binti Mtemi Fundikira, alichukua mali kwa Taria Topan, Khoja wa Unguja. Akaondoka pwani kwenye mwaka 1870 hivi. Akarudi 1882. Hebu fikirini: miaka 12 mali ya mtu iko msituni, na mwenyewe yuko mjini anasubiri. Mmoja Ismailia, mwingine Ibadhi. Hawakuswali msikiti mmoja, lakini daftari lilikuwa moja.

Katika fiqhi jambo hili tunaliita mudharaba, au qiradh: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa jasho, faida wanagawana kwa sehemu waliyokubaliana, na hasara ya mtaji inamwangukia mwenye mtaji maadamu mwenziwe hakufanya khiyana wala uzembe. Sisemi kwamba mikataba yote ya Unguja ilikuwa mudharaba safi. Mingi ilikuwa deni tupu, mengine yenye bei ya juu kwa sababu ya kusubiri, na wanazuoni wana maneno juu ya hayo. Nasema tu kwamba hukumu ya mtu anayefanya kazi na mali yako mahali usipomwona si mpya katika dini yetu. Ni ya zamani kuliko Tabora.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo baadhi yetu tukisimulia historia ya Tabora tunalipita kwa mbio kama mtu anayepita makaburini usiku. Watu wengi waliotumwa kwenye njia hii walikuwa watumwa. Wengine waliongoza misafara ya mabwana zao na kuaminiwa mali nyingi, lakini walikuwa watumwa. Na pamoja na pembe waliteremshwa binadamu. Mtu asije hapa akaniandikia kwamba "hao walikuwa Waislamu wenzetu, shehe, wasitiri". Dhuluma haisitiriwi kwa kuwa aliyeifanya alikuwa akifunga Ramadhani.

Sasa tuingie kwenye visa.

Mwaka 1870 Dk. Livingstone alikuwa huko Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, hana dawa, hana kitambaa cha kununulia chakula. Konseli wa Kiingereza Unguja, John Kirk, alikuwa anamtumia vifaa. Mwanzoni mwa Novemba 1870 watu 35 hivi walivushwa kutoka Unguja hadi Bagamoyo na mizigo na mfuko wa barua wa Livingstone. Wakafika Bagamoyo, wakakaa. Wakasema wapagazi hawajatimia. Novemba ikapita, Desemba ikapita, Januari ikapita. Karibu siku mia moja wamekaa pwani, wanakula posho, na kati yao na mwajiri ni mwendo mfupi wa jahazi tu! Februari 1871 uvumi ukaja kwamba Balozi mwenyewe anavuka kuja Bagamoyo. Ghafla, subhanallah, wapagazi wakatimia. Msafara ukang'oa mguu kabla bwana hajatia nanga.

Mnacheka, lakini nani kati yetu hajaliona hili? Bosi akisema "nakuja kesho kukagua", usiku huo kazi ya miezi miwili inamalizika. Na hapa nataka wasimamizi wanielewe. Kosa la kwanza ni la wale watu, halina ubishi. Walikula ujira bila kazi, na hiyo ni haramu. Lakini aliyewatuma naye alituma mzigo Novemba na hakuuliza uko wapi mpaka Februari. Umbali wa Bagamoyo na Unguja haukuwa kisingizio. Ukitaka kujua kama tatizo lako ni umbali au ni kutouliza, mtazame mfanyakazi wako aliye karibu: huyo naye umemuuliza lini?

Kisa cha pili ndicho kilichonikalia moyoni.

Kabla ya msafara huo ulikuwapo mwingine. Kirk aliipitisha kazi kwa Ludha Damji, mkuu wa forodha wa Unguja, na kwa Ludha wakapatikana watu na mkuu wao aliyeitwa Sherif. Angalieni mnyororo huo: Livingstone anamtegemea Kirk, Kirk anamtegemea Ludha, Ludha anamtegemea Sherif. Mwenye haja na mtendaji hawajuani hata kwa sura. Siku hizi makampuni yanafanya hivyo hivyo, kazi inapita kwa wakala na wakala wa wakala, na inapoharibika kila mmoja anamnyooshea mwenziwe kidole.

Sherif alifika Ujiji na mali, akakaa nayo. Vitambaa na shanga vikawa pombe na starehe. Muda ukaenda, mwenye mali haonekani. Akamwandikia liwali wa Unyanyembe, yaani hapa kwetu, kwamba ametuma watu Manyema, wamerudi na habari kuwa Livingstone amekufa, kwa hiyo aruhusiwe kuuza kilichobaki. Na alijuaje kwamba amekufa? Livingstone ameandika katika kumbukumbu zake kwamba Sherif alipiga bao kwa Qur'ani, na Qur'ani, eti, ikamwambia huyu mtu ameshakufa.

Ndugu zangu, someni tena hapo. Alichukua mus-haf, kitabu kilichoamrisha katika Surat an-Nisaa aya ya 58 kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe, akakifanya chombo cha kuhalalisha kula amana. Akauza kila kitu.

Livingstone akatokea Ujiji Oktoba 1871, kakonda, mguu kwa mguu kutoka Nyangwe. Akakuta hana hata shuka moja. Na nyumba aliyokuwamo Sherif haikuwa mbali. Sherif akaja kumpa mkono! Aliponyimwa, akajikunja uso kama yeye ndiye aliyekosewa. Na baada ya hapo, anaeleza Livingstone, alikuwa akija asubuhi na jioni na salamu zake za kheri, na akiondoka anaaga: ninakwenda kusali. Mzee yule, ambaye si Mwislamu, akamjibu kwamba lau yeye angekuwa Mwarabu, Sherif angekatwa mkono na masikio kwa wizi wake.

Mimi ni imamu wa msikiti. Mstari huo wa "ninakwenda kusali" niliusoma mara ya kwanza nikafunga kitabu. Kwa sababu mtu akidhulumiwa na mlevi wa mtaani, analaani pombe. Akidhulumiwa na mtu anayeaga kwenda msikitini, analaani msikiti. Leo vijana wetu wakiomba kazi wanataja uswalihina wao kama cheti, na waajiri wetu nao wanaajiri kwa kuangalia alama ya sijda kwenye paji la uso. Yule binti wa mzee wa Madyan, katika Surat al-Qasas aya ya 26, alipompendekeza Musa kwa baba yake alitaja sifa mbili: mwenye nguvu na mwaminifu. Nguvu maana yake anaiweza kazi. Uaminifu alikuwa ameushuhudia kwa macho yake pale kisimani. Hakusema "naona ni mchamungu, ana ndevu".

Kwa insafu nimtaje na mwingine aliyekuwa Ujiji wakati huo huo: Said bin Majid. Huyu hakuwa ameajiriwa na mtu, wala hakuwa na deni kwa Livingstone. Alipoona hali ya mgeni, akaahidi kuuza sehemu ya pembe zake ampe vitu vya kujikimu. Siku chache baadaye Stanley akafika na mizigo, ndipo ile hadithi inayojulikana dunia nzima ikatokea. Sherif na Said, mji mmoja, qibla kimoja.

Lakini kwa nini Livingstone aliondoka Nyangwe? Hapo ndipo penye uzito kuliko wizi wa vitambaa. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Ilikuwa siku ya soko, wanawake wa pande zile wamekuja na samaki na vyakula vyao. Watu wa msafara wa Dugumbe wakaanza kupiga bunduki sokoni. Waliokimbilia mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akashindwa kukaa tena na watu wale.

Nani alikuwa msimamizi wa watu wale? Liwali wa Sultani alikuwa Unyanyembe, ng'ambo ya ziwa, mwendo wa miezi. Sultani alikuwa Unguja. Na wenye mitaji, waliotoa baruti na bunduki kwa mkopo, walikuwa wanasubiri jambo moja tu: pembe. Pembe ikifika forodhani inapimwa, inaandikwa, deni linapunguzwa. Hakuna safu kwenye daftari ya kuandika pembe hii imepatikanaje.

Wataalamu wa siku hizi wanasema, mfanyakazi wa mbali usimhesabie saa, mhesabie matokeo. Ni maneno mazuri, na mimi nayakubali kwa kiasi kikubwa. Mama anayenyonyesha akimaliza mahesabu saa nane za usiku badala ya saa nane za mchana, kuna ubaya gani? Lakini Nyangwe inatuonyesha upande wa pili wa maneno hayo. Mwenye mali aliyekaa Unguja alihesabu matokeo tu. Hakutaka kujua zaidi, maana kujua kungemlazimisha kufanya jambo. Ukimwambia kijana wako wa mauzo aliye Kigoma au Mpanda "sitaki kujua unafanyaje, nataka namba ifike", na namba ikafika kwa rushwa au kwa kumdanganya mkulima wa tumbaku kwenye mizani, usidhani siku ya Kiyama utasema hukuwepo. Hukuwepo, ni kweli. Wewe ndiye uliyesema hutaki kujua.

Sasa tuwageukie waajiri, maana mpaka hapa nimewapiga watumishi na wameshaanza kununa.

Burton na Speke walipopanda mwaka 1857, kiongozi wa msafara wao alikuwa Said bin Salim, mtu aliyewekwa kwa idhini ya Sultani, yule yule aliyekuja kuwa liwali hapa Unyanyembe baadaye. Konseli Hamerton wa Unguja alimwahidi malipo ya ziada akiwafikisha ziwani na kuwarudisha salama. Hamerton alikuwa mgonjwa, na alifariki Julai ya mwaka huo huo, msafara ndio kwanza umeanza. Waliporudi pwani 1859, Burton akakataa kulipa ile ziada kwa Said na kwa watu wengine kadhaa. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi ilikuwa na sharti la tabia njema, na hao hawakuwa na tabia njema. Konseli mpya, Rigby, akaandika kwa serikali yake kwamba watu wale wamedhulumiwa, na Burton akapata karipio.

Nani alikuwa mkweli? Aliyeahidi yuko kaburini. Karatasi hakuna. Mmoja anasema "aliniahidi", mwingine anasema "aliahidi kwa sharti". Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, al-Baqara 282, haikuzungumzia swala wala Hija. Imezungumzia kuandika deni, dogo au kubwa, na mwandishi wa haki, na mashahidi. Na aya inayoifuata inamtaja kwa jina la hali yake mtu aliye safarini asiyepata mwandishi. Safarini! Allah anajua kwamba maneno ya kinywa yanapotea njiani. Nanyi mnaoajiri watu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, "we anza tu kazi tutaelewana", mnatayarisha ugomvi wa Burton na Said. Saa ngapi za kazi, malipo kiasi gani, umeme ukikatika nani anabeba, kifurushi cha intaneti ni cha nani: andikeni, mpeane nakala.

Kuhusu kulipa, nadhani hadithi ya kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho halijakauka kila mtu anaijua, na wengi wanaijua wanapokuwa waajiriwa tu. Mfanyakazi wa mbali ndiye wa kwanza kucheleweshewa, kwa sababu humwoni amekaa mlangoni kwako. Kwa heshima ya hadhi za watu sitaeleza zaidi, ila barua za malalamiko ninazopokea kuhusu mishahara ya watu wanaofanya kazi mbali ni nyingi kuliko za talaka.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na namna yao, na hili naomba lieleweke, kwa sababu wajukuu zao ndio wanaojaza safu zangu za Ijumaa na wengine wanaona haya kusikia neno mpagazi. Hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru wanaopatana ujira, na kazi ile ilikuwa heshima kwa kijana. Walikuwa na kirangozi anayetangulia na kupanga mwendo, na walikuwa na wazee wao wa kusimamia makundi, wanyampara. Neno hilo hilo limeingia Kiswahili, leo kila mtu anayesimamia vibarua anaitwa mnyapara, na limepata sifa mbaya ya ukali. Asili yake ni mzee wa watu, anayekula nao na kubeba neno lao kwa mwenye msafara. Mwenye msafara aliyetaka kujua kwa nini watu hawaamki asubuhi alimuuliza mnyampara. Akisikiliza, safari inaendelea. Akijifanya kiziwi, anaamka hana watu. Na wasafiri wa zamani wameeleza kwamba mpagazi wa Kinyamwezi aliyeamua kutoroka mara nyingi aliuacha mzigo chini ukiwa mzima. Ameikataa kazi, lakini mali ya mtu hakuigusa. Kuna watu leo wakiacha kazi wanaondoka na kompyuta ya ofisi, nywila na orodha ya wateja.

Stanley, kwa upande wake, alisimamia kwa mjeledi na mnyororo, na mwenyewe kaandika bila haya. Hilo nalipita.

Nirudi kwa dada yetu. Kumwekea mtu jicho la siri ndani ya kompyuta yake, nyumbani kwake, ambako kioo kile kile kinaonyesha barua ya mumewe na picha ya mwanawe anayeumwa, mimi sioni namna ya kulitoa katika katazo la Surat al-Hujuraat aya ya 12, linalokataza dhana na kupelelezana. Wapo wanazuoni watakaosema kompyuta ni mali ya ofisi. Sawa, kompyuta ni ya ofisi. Sebule si ya ofisi.

Lakini sikumwambia awaache tu. Hapana. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa tajiri asiyesafiri, mali yake ilikwenda Sham na watu. Alimkabidhi mali hiyo Muhammad bin Abdillah, kabla ya utume, kijana ambaye Makka nzima inamwita al-Amin. Hakuna mwajiriwa wa mbali aliyekuwa mwaminifu kuliko huyo, na hatapatikana. Na bado Bibi Khadija alimtuma pamoja naye Maysara, mtumishi wake. Maysara hakujificha nyuma ya ngamia. Alikula naye, alisafiri naye, akarudi akaeleza aliyoyaona. Alikuwa shahidi wa wazi, na ushahidi wa wazi ukamfaa yule kijana kuliko mwenye mali. Kama Maysara asingekuwepo, nani angesimulia?

Sayyidna Umar (r.a.) naye alikuwa na maliwali Misri, Sham na Iraq. Alikuwa akiandika mali ya mtu siku anayomteua, ili siku ya kuondoka ijulikane kilichoongezeka. Alikuwa na Muhammad bin Maslama wa kumtuma kwenda kuchunguza malalamiko papo hapo, mbele za watu. Na msimu wa Hija aliwakusanya maliwali, raia wakasema mbele yao. Hayo yote yalikuwa yanajulikana kabla. Liwali hakushtukizwa na sheria, alishtukizwa na matendo yake.

Basi nikamwambia: waite wote watano, waambie kazi ya wiki ni hii na hii, kila Alhamisi tunakaa dakika ishirini kila mtu anasema alipofika, na kama kuna programu ya kuhesabu kazi waambie ipo, inaona nini na haioni nini, na asiyeridhia aseme sasa. Akaniuliza, "Na mkurugenzi akisisitiza iwe siri?" Nikamwambia amwandikie kwamba yeye hawezi, na abaki na nakala.

Nimalizie kisa cha Livingstone, maana wengi mnakijua mpaka pale alipokutana na Stanley tu.

Baada ya Ujiji alikuja Kwihara, nje kidogo ya mji wetu. Lile tembe bado linatunzwa, nendeni mkaone, ni safari fupi ya bodaboda. Alikaa hapo miezi akisubiri watu ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Mara hii watu walifika, Agosti 1872, na akaondoka nao. Tarehe 1 Mei 1873 alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo.

Fikirini hali ya wale watumishi. Mwajiri amekufa. Hakuna Mzungu mwingine karibu. Konseli yuko Unguja, hajui lolote. Wangeweza kugawana vitu na kutawanyika, na hakuna ambaye angewauliza. Chuma na Susi, waliomtumikia muda mrefu, wakawaita wenzao wote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya macho ya kila mtu, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kilichomo. Wakaukausha mwili, wakaufunga kwa magome, wakaubeba. Oktoba wakafika hapa Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapa hapa. Wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa matumizi yake. Mwili wakaendelea nao. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, pale pale ambapo wale wengine walikaa siku mia moja wakisema wapagazi hawajatimia.

Hao hawakuwa Waislamu wa kupigiwa mfano. Wainwright na wenzake kadhaa walilelewa na wamisionari. Siwezi kuuficha ukweli huo ili darsa lipendeze.

Pwani walipokelewa na kaimu konseli. Walilipwa mishahara waliyokuwa wakidai, wakaambiwa kazi imekwisha. Mwili ukapakiwa melini, ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya watu wote waliobeba, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwepo mazishini. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, wakakuta kaburi limeshafunikwa. Chama cha Kijiografia cha London kilitengeneza medali kwa ajili ya wabebaji wale. Medali zilipofika, wengi walikuwa wameshatawanyika, wengine wameshapanda bara tena na misafara mingine.